Mifumo yetu isiuzwe kwa kangomba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako kwa jambo linalovigusa vyama vya ushirika, hospitali, shule, maduka ya jumla na nyumba za wageni za Mtwara na Lindi. Kazi ya kutengeneza na kutunza mifumo ya kompyuta inapelekwa nje ya nchi, hasa India, kwa sababu bei inayotajwa huko ni ndogo. Sina ugomvi na hilo. Zipo kazi ambazo katika miji ya huko kama Bangalore au Pune zinafanywa vizuri na kwa haraka tusiyoifikia bado, na mwenye biashara ana haki ya kutafuta nafuu. Ugomvi wangu ni juu ya mikataba tunayoitia saini, kwa kuwa imekaa kikangomba.

Mtu wa Kusini haelezwi kangomba. Mkulima anabanwa na shida kabla ya msimu, ada ya mtoto au mgonjwa ndani. Anatokea mtu na fedha taslimu, anazinunua korosho zikingali juu ya mti, kwa bei yake na kwa kipimo chake. Shida ya siku ile inaondoka. Msimu ukifunguliwa, mwenye shamba anatazama magunia yakiingia ghalani kwa jina la mwingine. Ndivyo ilivyo kwa taasisi inayolipa dola elfu chache ikakabidhiwa mfumo unaofanya kazi, huku kanzidata (yaani hazina ya kumbukumbu zote), msimbo chanzo (yaani maandishi yenyewe ya programu), jina la tovuti na akaunti ya seva (yaani kompyuta inayoendesha mfumo) vyote vikiwa kwa jina la mtengenezaji. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu mali haikuhama.

Tena sisi tunalo somo la korosho ghafi. Sehemu kubwa ya zao letu husafirishwa na maganda yake kwenda kubanguliwa India na Vietnam. Kilo nne hadi tano za ghafi hutoa kilo moja hivi ya korosho safi, lakini pamoja na yale maganda unaondoka pia mkono unaojua moto wa kiasi gani unatosha na namna ya kupasua bila kuvunja. Viwanda vilivyojengwa huku miaka ya 1970 viliposimama, mikono ile ilitawanyika, na kuirudisha kumekuwa kazi ngumu kuliko kununua mashine. Kwenye TEHAMA ni vilevile. Hata matajiri wameligundua: mwaka 2012 kampuni ya magari ya General Motors ya Marekani, ambayo karibu asilimia 90 ya kazi zake za kompyuta zilikuwa mikononi mwa makampuni ya nje, ilitangaza kuzirudisha ndani karibu zote kwa muda wa miaka mitatu hivi. Walikuwa na fedha za kununua huduma popote duniani. Walichokosa ni watu wao wenyewe wanaoijua mifumo yao.

Nianze na bei, maana ndiyo inayovuta. Chukua mfumo wa dola 20,000. Sheria ya kodi ya mapato inamtaka anayemlipa mtoa huduma asiye mkazi wa Tanzania azuie asilimia 15 ya malipo na kuipeleka TRA. Kwa mtoa huduma mkazi ni asilimia 5. Makampuni ya nje yanalijua hilo, na ndiyo maana katika mikataba yao huwa kuna mstari unaosema bei iliyotajwa ni baada ya kodi zote. Mstari huo ukipita bila kuonekana, kodi inakuwa mzigo wa mnunuzi, na wala si dola 3,000 kama watu wanavyopiga hesabu ya haraka. Ili mwenzako abaki na 20,000 kamili, unagawa 20,000 kwa 0.85 na kupata 23,529. Umeongeza dola 3,529 kabla mfumo haujapokea hata gunia moja.

Kisha iko shilingi yenyewe. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu Sh 2,330. Kufika katikati ya 2024 ilikuwa imepita Sh 2,600. Ada ya matunzo ya dola 500 kwa mwezi ikatoka Sh 1,165,000 hadi zaidi ya Sh 1,300,000, na hakuna aliyepandisha bei. Mkulima analipwa kwa shilingi, mzazi analeta ada kwa shilingi, mgeni analipia chumba kwa shilingi. Mwenye mapato ya shilingi anayejifunga kwa dola kwa miaka mitatu aweke kwenye mkataba kiwango cha juu cha shilingi ambacho kikivukwa, pande zote mbili zinakaa na kujadiliana upya.

Hata hivyo, hayo ni madogo. Fedha nyingi hupotea katika mambo yaliyosahaulika kuandikwa, kwa sababu bei ya kwanza inahusu kilichoandikwa tu, na kila nyongeza inakuja na ankara yake. Mtengenezaji wa nje hakosi ujuzi wa programu. Anakosa yale ambayo kwetu hayaandikwi popote, kwa kuwa kila mtu anayajua.

Saa, kwa mfano. Karani wa ghala akijaza kwamba mzigo umepokelewa saa 2, anamaanisha asubuhi jua limeshachomoza. Mfumo unaohesabu saa za kizungu unaandika saa nane za usiku. Dawa yake si kumfundisha karani. Ni kuondoa kabisa nafasi ya kujaza saa, kifaa kiweke muda chenyewe, na karatasi inayotoka ichapwe kwa saa zetu, ikitaja asubuhi, mchana, jioni au usiku. Mkulima ataisoma stakabadhi yake bila kumuuliza mtu.

Hatari zaidi ni saa ya seva. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Seva iliyoachwa kwenye saa za India inaanza siku mpya wakati hapa Mtwara ni saa 3:30 usiku. Duka, baa au nyumba ya wageni inayouza hadi saa tano inajikuta mauzo ya saa moja na nusu ya mwisho yamehesabiwa ya kesho yake, na taarifa ya siku ya mfumo haiwezi kulingana na ya mashine ya EFD, ile inayotoa risiti za kodi. Seva ikiachwa kwenye saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kosa linageuka: mgonjwa aliyepokelewa hospitali saa 7:30 usiku wa kuamkia Jumanne anaonekana ni wa Jumatatu. Mhasibu atahangaika mwezi mzima akitafuta mwizi ambaye hayupo. Katika mkataba inatosha sentensi moja: taarifa zote za siku zihesabiwe kwa saa za Afrika Mashariki, kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku.

Tarehe nazo zina mtego, na mtego huo umekaa juu ya msimu wetu hasa. Programu nyingi hutoka zikiwa zimepangwa Kimarekani, mwezi kwanza kisha siku. Ukiandika 05/11, wewe unasema Novemba 5, yenyewe inasoma Mei 11. Kuanzia tarehe 1 hadi 12 ya mwezi wowote, kosa linapita kimya, kwa sababu ule mwezi upo. Tarehe 13 mfumo unakataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Watu wanaanza kulalamika kwamba mfumo umeharibika tarehe 13, wakati ulikuwa unaharibu tangu tarehe mosi. Jina la mwezi liandikwe kwa herufi kila mahali, kwenye skrini na kwenye karatasi, na balaa hilo linakwisha.

Halafu namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Hapa nitakaa kidogo, maana ni kosa dogo linaloumiza watu wengi. Namba hiyo ina tarakimu 20. Programu za majedwali kama Excel, zikiichukulia kuwa namba ya kuhesabia, hutunza tarakimu 15 tu za mwanzo. Tano za mwisho hugeuzwa kuwa sufuri, na hakuna onyo lolote linalotokea. Tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, na wazee wengi wasiojua siku yao waliandikishwa kwa tarehe za kukisia zinazofanana. Wawili waliozaliwa "siku moja" na kuandikishwa sehemu moja wanaweza kabisa kubaki na namba moja. Mfumo unamkataa wa pili ukidai ameshasajiliwa, au, vibaya zaidi, unaunganisha mizigo ya wote wawili kwenye akaunti moja ya benki. Anayetaka kupima leo afungue jedwali la wanachama alilotumiwa, abonyeze seli yenye namba ya NIDA na atazame mwisho wake. Akiona sufuri tano zimefuatana, zile namba zimeshakufa na hazifufuki kwa kubadilisha mpangilio wa seli. Zinarudi kwa kuchapwa upya kutoka kwenye vitambulisho. Ugonjwa huohuo hula sufuri ya mwanzo ya namba za simu, tarakimu 10 zikabaki tisa. Kwa hiyo kwenye maelezo ya kazi iandikwe: NIDA, simu, akaunti ya benki na namba ya uanachama ni maandishi, hazihesabiwi kamwe.

Makato ya kilo nayo yanastahili kuangaliwa kwa makini. Ushuru, sehemu ya chama cha msingi, sehemu ya chama kikuu, gharama za ghala na mengineyo hutangazwa na yanaweza kubadilika msimu hadi msimu. Fundi mvivu huyaandika ndani ya programu yenyewe. Msimu ukibadilika, inabidi alipwe ili abadilishe namba moja. Na akishaibadilisha, ukichapa tena stakabadhi ya mwaka jana inatoka na makato ya mwaka huu. Mkulima akienda kudai, karatasi mbili za mzigo uleule zina fedha tofauti. Makato yakae kwenye jedwali ambalo mhasibu wa chama analibadilisha mwenyewe, kila kiwango kikiwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Vilevile ielezwe namna ya kukata visenti: kilo 83.7 kwa kato la Sh 25 ni Sh 2,092.50, na nusu shilingi hiyo kuna programu inayoipandisha na nyingine inayoishusha. Kwa stakabadhi moja ni kitu cha kupuuza. Kwa stakabadhi 9,000 zenye makato matano kila moja, jumla ya malipo haifungi na orodha inayokwenda benki, na benki inairudisha orodha nzima. Chagueni kanuni moja: kata visenti mara moja, mwisho, kwenye malipo ya mkulima.

Namna ya kuyakamata haya kabla ya kulipa ni rahisi na haihitaji mtaalamu. Chukua stakabadhi 200 za msimu uliopita ambazo malipo yake yalikamilika bila mgogoro. Zichanganye: za kilo nyingi na chache, daraja la kwanza na la pili, za mtu mwenye majina mawili na za mwenye manne, za tarehe 3 na za tarehe 28. Ziingize zote kwenye mfumo mpya, kisha linganisha na vitabu, shilingi kwa shilingi. Ikitofautiana hata moja, kazi bado. Ni kazi ya makarani wawili kwa siku tatu.

Sasa niseme juu ya umbali. Dhana kwamba intaneti imeumaliza ilipata jibu Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi ule Kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu na barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika maeneo ya Somanga. Tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika na intaneti ya nchi nzima ikayumba. Kwa hiyo ndani ya wiki mbili Kusini ilipungukiwa na barabara na mtandao, vyote. Mfumo uliowekwa kwenye seva ya nje na usioweza kufanya lolote bila intaneti ulikuwa umezimwa, hata kama huku umeme ulikuwepo na wateja wamepanga foleni.

Mkataba udai kwamba ghala, duka au dirisha la mapokezi liweze kufanya kazi bila mtandao kwa siku tatu mfululizo. Maana yake kiufundi ni kwamba kumbukumbu zinakaa kwanza kwenye kompyuta ya hapohapo, kisha zinapanda kwenye seva mtandao ukirudi. Na hapo kuna jambo ambalo husahaulika mno: namba za stakabadhi. Maghala mawili yakifanya kazi bila mtandao na kila moja likaendelea na hesabu ileile, yote mawili yatatoa stakabadhi namba 231, na mtandao ukirudi moja inaifuta nyingine. Kila ghala lipewe kiambishi chake, la kwanza 014-000231, la pili 015-000231, na mgongano hautatokea kamwe. Jaribio lake: chomoa waya wa intaneti kwenye maghala mawili asubuhi, fanyeni kazi hadi jioni, rudisha waya, hesabuni stakabadhi kama zimefika zote.

Kwa umeme unaokatika, laptopu na printa ndogo ya betri vinafaa kuliko kompyuta ya mezani. Anayelazimika kutumia ya mezani ajue kwamba UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya VA 650 inampa dakika 10 au 15 za kuhifadhi na kuzima, haimpi saa ya kufanya kazi. Na asichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo. Inavuta umeme mwingi kwa mara moja na kuizima.

Saa za kazi ziulizwe kabla ya saini. Saa 10 jioni yetu, India ni saa 12:30 jioni na ofisi inafungwa, wakati ghala la huku bado linapima. Tena Diwali huangukia kati ya katikati ya Oktoba na katikati ya Novemba, ndani ya msimu wetu. Kwa nini tushangae kwamba wiki ya mnada simu haipokelewi? Wenzetu wako kwenye sikukuu yao na ni haki yao. Iandikwe tu kwamba kuanzia Oktoba hadi Januari kuna mtu wa zamu hadi saa 2 usiku kwa saa zetu, sikukuu zikiwemo, na hitilafu inayozuia kupokea au kulipa inaanza kushughulikiwa ndani ya saa moja. Atalipisha zaidi. Mlipeni.

Nirudi kwenye umiliki nilioanza nao, yaani funguo za mfumo. Jina la tovuti, hasa linaloishia na .tz, lisajiliwe kwa jina la taasisi na kwa barua pepe ya taasisi, si ya fundi wala ya mwenyekiti ambaye kesho si mwenyekiti. Akaunti ya seva ya kukodi ifunguliwe na taasisi, ilipiwe na taasisi, kisha mtengenezaji apewe ruhusa ya kuingia kama mgeni. Ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwa simu iende kwenye laini iliyofungiwa kwenye sefu ya ofisi. Msimbo chanzo ukabidhiwe kila mwisho wa mwezi, usisubiri mwisho wa mradi, kwa kuwa kampuni inaweza kufungwa au kugombana nanyi katikati.

Kupokea diski yenye mafaili hakutoshi. Mpeni fundi mwingine kabisa, asiyehusika, kompyuta tupu, ule msimbo, maelekezo yaliyoandikwa na nakala rudufu ya juzi. Akiusimamisha mfumo ndani ya siku moja na salio la wanachama likalingana, mfumo ni wenu. Akishindwa, mmenunua haki ya kuutazama tu. Jaribio hilo lirudiwe kila baada ya miezi sita, maana nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu. Nakala ziwe tatu: moja kwenye seva, moja kwenye diski ofisini, moja nje ya jengo.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya wanyonge peke yao. Aprili 2018 benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha kumbukumbu za wateja wake milioni 5.2 kwenda mfumo mpya uliotengenezwa na kampuni tanzu ya mmiliki wake wa wakati huo wa Hispania. Wateja milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao. Uchunguzi ulionyesha kwamba kulikuwa na vituo viwili vya kompyuta na majaribio yalifanyika kwenye kimoja tu. Desemba 2022 wasimamizi wa Uingereza waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Benki yote ile, na kilichoiangusha ni kupokea mfumo usiojaribiwa kikamilifu kutoka kwa mtu wa mbali waliyemwamini.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Inamtaka anayekusanya na anayechakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa hizo nje ya nchi, pamoja na kibali. Kumtumia fundi wa nje orodha ya wakulima yenye NIDA, simu na akaunti za benki kwa barua pepe, eti ajaribie mfumo, ni kusafirisha taarifa nje. Hospitali inayofanya hivyo kwa majalada ya wagonjwa imekosea zaidi. Za majaribio zitengenezwe: majina yabadilishwe, NIDA ziwe za kubuni zenye tarakimu 20 kamili, simu ziwe za kubuni. Kijana mmoja anafanya kazi hiyo kwa siku mbili.

Na kijana huyo ndiye nguzo ya hoja yangu yote. Taasisi yoyote inayopeleka kazi nje iajiri kwanza mtu mmoja wa ndani, wa mshahara, atakayekuwa anajua mfumo unafanya nini. Hapa kwetu kuna VETA za Mtwara na Lindi, kuna kampasi ya TIA (Taasisi ya Uhasibu Tanzania), kuna chuo cha Stella Maris. Vijana wanaotoka huko wakiwa na msingi wa kompyuta na hesabu wapo. Si lazima aweze kutengeneza mfumo. Aweze kukaa na karani ghalani, aandike kwa Kiswahili hatua kwa hatua gunia linaingia vipi na fedha inatoka vipi, aiweke katika Kiingereza kinachoeleweka, na mfumo ukirudi aupime kwa stakabadhi zile 200. Aandike kila hitilafu kwa namna moja: nilifanya nini, nilitarajia nini, nilipata nini, picha ya skrini. "Mfumo umegoma" ni ujumbe unaokula siku mbili za kuulizana kabla fundi hajaanza kazi. Nakerwa sana nikisikia viongozi wakisema hakuna fungu la mtu huyo, wakati fungu la kulipia marekebisho yasiyokwisha huwa linapatikana.

Kazi za kupeleka nje zipo nyingi na ni salama: kuchora kurasa, kutengeneza programu ya simu kutokana na maelezo yaliyokamilika, kupima ulinzi wa seva. Zisizofaa kwenda ni uandishi wa maelezo ya kazi, upimaji wa mwisho, na utunzaji wa funguo.

Malipo yafuate kazi. Asilimia 15 maelezo ya kazi yakishatiwa saini na pande zote, 25 mfumo ukionekana unafanya kazi kwa taarifa za kubuni, 30 ukishapita jaribio la stakabadhi 200 na la siku ya bila mtandao, 20 fundi mgeni akishausimamisha kwenye kompyuta tupu, na 10 ya mwisho baada ya msimu mmoja kamili. Kampuni inayodai nusu ya fedha mwanzoni irudishwe mezani.

Kalenda ya korosho haisubiri mtu, kwa hiyo hesabu iende kinyumenyume kutoka minada ya Oktoba. Septemba makarani wanafundishwa, wakitumia vifaa vilevile watakavyofanyia kazi. Agosti vitabu na mfumo vinaendeshwa pamoja kwa taarifa za msimu uliopita. Juni na Julai ni za majaribio na marekebisho. Mfumo unatengenezwa kuanzia Machi hadi Mei, na maelezo ya kazi yanaandikwa Januari na Februari, wakati makarani bado wanakumbuka kilichowasumbua. Ikiwa Agosti 31 imefika na stakabadhi 200 hazijalingana zote, msimu huo uendeshwe kwa vitabu, na mfumo usubiri hadi mwakani.

Wako,
Mtunza mifumo,
Mtwara